Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi karibu na Wayahudi, chuki dhidi yao mliionaje na mlifanya nini?

Wakuu habari zenu, naanza mimi. Niko Berlin mwaka wa sita, zamani nilikuwa nafanya usafi kwenye maofisi na kila alfajiri napita Brunnenstraße bila kuangalia chini. Siku moja nikamkuta bibi mmoja kapiga magoti anasugua vijiwe vya shaba vilivyopachikwa njiani, akaniambia ni vya watu waliouawa na Wanazi, wengi wao Wayahudi, kila kijiwe kinawekwa pale mtu alipokuwa anaishi. Akanipeleka mpaka namba 193. Jamani, kile kijiwe ni cha mtu wa Dar! Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakimwita Mohamed Husen, kazaliwa 1904, alifundisha Kiswahili chuoni hapahapa, wakamkamata 1941 sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu na akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Sasa kila tarehe 9 Novemba, ule usiku wa 1938 walipochoma masinagogi, naenda na kitambaa changu, nasugua vya Wayahudi wa mtaa ule na cha ndugu yetu. Karibuni.

Mdau, Pittsburgh:
Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu 2016, Wakongomani. Tuliyemkuta uwanja wa ndege ni mama wa Kiyahudi, anajitolea tu, nyumba katuwekea mchele, maharage, makoti ya baridi. Nikamuuliza mbona unahangaika na sisi hata si wa dini yako, akasema babu yake naye alishuka melini hana kitu akapokelewa na HIAS, shirika lao la tangu zamani la wakimbizi. Basi Jumamosi ya 27 Oktoba 2018 mtu akaingia na bunduki sinagogi la Tree of Life, Squirrel Hill, akaua watu 11 wako kwenye ibada, na kabla ya kuingia aliandika mtandaoni kwamba HIAS inaleta wavamizi. Wavamizi wenyewe ndio sisi. Yaani watu wameuawa kwa sababu ya kunipokea mimi na watoto wangu, hilo halijanitoka mpaka leo. Tulitaka tupike sombe tuwapelekee, mwenzetu akakumbusha wana miiko ya chakula, tukapeleka matunda, tukasimama nao barabarani usiku kwenye mvua. Waislamu walichangisha zaidi ya dola laki mbili kwa ajili ya wafiwa, hili watu hawalisemi na lisemwe.

Mdau, London:
Mimi Mwislamu wa Mombasa na niseme wazi nimeandamana kwa ajili ya Gaza na nitaandamana tena. Lakini ndani ya basi la kwenda Stamford Hill vijana wawili walimvaa mzee wa Kiyahudi, ndevu na kofia nyeusi, wanamwita muuaji wa watoto, na mzee kashika mfuko wa mikate tu. Yeye kafanya nini? Nikahamia kiti cha pembeni yake nikaanza kumwongelesha habari za baridi kama tunajuana, nikashuka naye kituo chake. Akaniambia wajukuu zake wanasoma shule yenye walinzi getini kila siku. Tukaripoti wote wawili, polisi na CST, hao CST ni Wayahudi wenyewe wanaolinda masinagogi na kuandikisha matukio kama hayo. Ushauri: namba ya basi na saa andika palepale, mimi nilikuwa nazo ndio ikasaidia.

Mdau, Nairobi:
Kwangu ni kwa simu. Mjomba alifowadi kwa grupu ya familia eti kuna mpango wa siri wa Wayahudi kutawala dunia. Huo uongo ulichapwa Urusi 1903, na 1921 gazeti la Times la London likaonyesha ulivyonakiliwa kutoka kitabu kingine kabisa. Sikumjibu mbele ya watu, ni mjomba. Nikampigia tukaongea karibu saa nzima. Hakufuta, ila hajatuma tena.

Mleta uzi:
Mdau wa Pittsburgh pole sana. Yule mama mnaonana bado?

Mdau, Pittsburgh:
Sana tu. Ijumaa jioni anatualika, watoto wangu wameshazoea, hawagusi mkate mpaka awashe mishumaa na dua isomwe.