Kamera gani ya dijitali inafaa kwa lenzi za zamani (M42, Canon FD, Minolta)?

pete_ya_fokasi:
Habari wakuu. Nina lenzi tatu za enzi za filamu, Helios 44-2 58mm f/2 ya M42 (mfungo wa skrubu), Canon FD 50mm f/1.4 na Minolta MD 28mm f/2.8, zote vioo visafi hazina fangasi na pete zinazunguka laini kabisa. Bodi niliyonayo ni DSLR (yenye kioo cha kuakisi ndani) ya Nikon na kila ninapouliza naambiwa achana nayo, sasa sielewi kwa nini wakati adapta (pete za kuunganisha lenzi na bodi) zipo. Pili, ni lazima fulfremu (sensa kubwa sawa na filamu ya 35mm) au hata sensa ndogo inatosha? Napiga zaidi picha za watu, fokasi ya mkono hainisumbui, video sipigi kabisa. Naombeni ushauri kabla sijanunua bodi.

mwanga_wa_asubuhi:
Mkuu tatizo la hiyo Nikon ni unene. Kila mfumo una umbali wake kutoka pale lenzi inapokaa mpaka kwenye filamu au sensa, M42 ni milimita 45.46, Minolta 43.5, Canon FD 42. Nikon F ni 46.5, yani bodi peke yake tayari imezizidi zote tatu na hapo hujaweka adapta, ukiweka ndo lenzi inasogea mbele zaidi, utafokasi vitu vya karibu tu, cha mbali hukipati ng'o. Kuna adapta zenye kioo ndani cha kurekebisha hilo ila kile kioo kinakuharibia picha, unakuwa na lenzi nzuri halafu unaivalisha kioo kibovu, mi sishauri. DSLR za Canon EF ni milimita 44 kwa hiyo Helios inakaa vizuri na pete nyembamba tu, lakini hizo FD na Minolta zinagoma, tena FD inagoma kwenye bodi ya Canon yenyewe.

Ndo maana watu wote wamehamia mirolesi, zile zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Sony E ni 18, Nikon Z 16, Canon RF 20, Fuji X 17.7, nafasi iko kibao, adapta inakuwa bomba tupu la chuma halina kioo wala umeme, lenzi inabaki vilevile ilivyotengenezwa.

boke_kwanza:
Mkuu hapo juu kamaliza, mi niongezee la sensa. Nenda fulfremu, hasa kwa sababu ya Helios. Kwenye sensa ya APS-C, ile ndogo, hiyo 58mm inakuwa na upana wa picha kama 87mm, sawa kwa nyuso unaweza ukaishi nayo, ila kile kitu ambacho watu wanaitafutia Helios, ule mzunguko wa mandhari yenye ukungu nyuma ya mtu, unatokea pembeni mwa picha na sensa ndogo inapakata papo hapo. Jaribu hivi: msimamishe mtu mita moja na nusu au mbili kutoka kwako, nyuma yake mita kadhaa kuwe na majani yanayopenyeza mwanga, fungua f/2 yote. Kwenye fulfremu utaona vile viduara vya mwanga kadri vinavyoenda pembeni vinabanwa vinakuwa kama mbegu za tikiti na vyote vinamzunguka mtu wako. Kwenye APS-C unapata nyuma laini tu ya kawaida. Na Minolta yako 28 inageuka kama 42, upana umekwisha.

kivuli_na_rangi:
Nipingane kidogo na boke_kwanza. Kama bajeti inabana APS-C siyo dhambi jamani, lenzi nyingi za zamani pembeni ni laini na zina giza, sensa ndogo inachukua katikati ambapo ndo patamu. Pia kuna adapta zenye kioo cha kupunguza urefu wa fokasi, zile za mara 0.71, zinarudisha karibu upana wote na zinaongeza mwanga kama stopu moja (yani mara mbili), na za kampuni nzuri hazina ubaya kama hizo za kwenye DSLR. Ila uwe makini, utahitaji moja kwa kila aina ya lenzi na siyo bei ya bomba tupu.

Mimi ninachokisisitiza usihangaike na megapikseli, 24 zinatosha na kubaki. Angalia vitu viwili, kidirisha cha kuchungulia na sensa inayotulizwa ndani ya bodi. Lenzi zako hazina utulizaji wowote kwa hiyo bodi ndo ifanye hiyo kazi. Sony A7 II ya 2014 ilikuwa fulfremu ya kwanza ya mirolesi kuwa na sensa inayotulizwa na mpaka leo inafanya kazi vizuri, Nikon Z5 ya 2020 inayo pia na kidirisha chake ni safi zaidi. Kwa vile lenzi haiongei na kamera lazima uingize mwenyewe urefu wa fokasi wa lenzi (zile mm zake) kwenye menyu ili utulizaji ufanye kazi sawasawa, 58 kama ipo au namba ya karibu yake, na ukibadili lenzi ubadili na namba.

pete_ya_fokasi:
Asanteni sana, nimeelewa mno, hasa hilo la milimita. Naona naelekea Z5. Sasa kwenye kufokasi kwa f/1.4, zile rangi zinazowaka kwenye kingo za vitu vilivyokamatika zinatosha au?

kivuli_na_rangi:
Kwa f/1.4 usiziamini sana mkuu, zinawaka kwenye kope na kwenye sikio kwa pamoja wakati kilichokamatika ni kimoja. Zitumie kufika karibu, halafu kuza picha kwenye kidirisha mpaka uone jicho, zungusha taratibu mpaka kope zikae kali, piga. Weka kitufe cha kukuza pale kidole gumba kinapofika chenyewe.

mwanga_wa_asubuhi:
Na kabla hujaanza hakikisha menyu inaruhusu kupiga bila lenzi maana kamera nyingine zinakataa kabisa, kamera inadhani hamna kitu mbele. Tumia modi ya A ya kamera, wewe unachagua apacha (tundu la mwanga) kwenye lenzi, bodi inachagua shata (kasi ya kupiga). Adapta ya FD ichukue yenye pete ya kufunga na kufungua apacha, bila hiyo lenzi inabaki wazi f/1.4 muda wote, na pete ya apacha ya hiyo lenzi usiiache kwenye alama yake ya A (otomatiki). Helios 44-2 haina pini ya kusukumwa na kamera ili kufunga apacha, kwa hiyo haina shida. Halafu alama za mita kwenye lenzi usizitegemee, adapta nyingi zinatengenezwa fupi kidogo makusudi ili cha mbali kisikose kufikiwa, kwa hiyo ukizungusha pete mpaka mwisho unakuwa umeshapitiliza, rudisha nyuma kidogo huku unaangalia.