Refa wa meza yetu Kigoma kaniulia mhusika kwa sheria anazozijua mwenyewe

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakaoona povu mnivumilie. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la michezo, huko nitaulizwa matokeo ya Simba na Yanga.

Kwa wasioujua: nazungumzia Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani wa kuhadithiana, umetungwa Marekani na kitabu cha kwanza kilitoka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja anakaa upande wa pili, anasimulia ile dunia, anawachezesha maadui na anaamua sheria. Sisi huyo tunamwita refa. Jambo lisilo na uhakika linaamuliwa na dadu, hasa ile ya nyuso 20. Hapa mtaani kwetu Mwanga mchezo umeletwa na huyo huyo refa wetu, na dadu zote ni zake. Hilo la dadu likumbukeni, nitalirudia.

Tunacheza upenuni mwa duka moja, siku za mbalamwezi tu. Mganga wa kundi letu ni dada anayenunua dagaa mwalo wa Kibirizi. Giza likiwa nene mitumbwi yote iko ziwani na taa, na yeye alfajiri yuko mwaloni anagombea bei. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, ndipo anapopata usiku wa kukaa na sisi. Kwa mwezi tunakutana mara mbili, ikizidi sana mara tatu. Kwa hiyo mtu anaposema "si mhusika tu, tengeneza mwingine", ajue Kibogoyo wangu nilimfikisha ngazi ya 5 kwa zaidi ya mwaka mzima wa kusubiri mwezi.

Kibogoyo ni kibaka. Mfupi, hana meno ya mbele, upanga mwembamba. Kazi ya kibaka kwenye mchezo huu ni pigo la kuvizia: mwenzako akiwa amembana adui, ndani ya futi 5, wewe unachoma kwa pembeni na kuongeza dadu tatu za nyuso sita juu ya pigo la kawaida. Bila hilo pigo kibaka ni mzigo tu kwa wenzake.

Sasa Jumamosi. Ramani imechorwa kwa mkaa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mazimwi mawili ni vizibo vya soda, Kibogoyo ni kokwa la mchikichi. Kwenye zamu yangu nikalivizia zimwi la kwanza, nikalichoma vizuri, refa mwenyewe akasema linayumba. Zamu yake ilipofika likaniacha, likageuka kumfuata mganga.

Hapa ndipo penyewe. Adui akitoka ovyo ndani ya urefu wa silaha yako, sheria inakuruhusu kumchoma mara moja akiwa anaondoka. Gharama yake ni itikio lako, yaani nafasi ya kujibu anachofanya mwingine, na itikio ni moja tu mpaka zamu yako irudi. Kibaka wa ngazi ya 5 ana matumizi mengine ya hilo itikio: akipigwa na mtu anayemwona, anaweza kulitumia kupunguza maumivu nusu. Nikawaza. Nina nguvu 14 za uhai zilizobaki, zimwi la pili liko ubavuni kwangu. Nikisema nimalize hili la kwanza, nabaki bila kinga. Mwalimu, ambaye ndiye mpiganaji wetu, bado alikuwa amelibana hilo zimwi, kwa hiyo pigo la kuvizia lilikuwa halali. Nikasema liwalo na liwe, nachoma.

Nikarusha. 17, limepata. Upanga 6, ongeza 4. Dadu tatu za kuvizia: 5, 5, 4. Jumla 24. Baadaye refa alikiri zimwi lilikuwa limebakiza 12.

Refa akanyoosha mkono, akaziondoa zile dadu tatu mezani kama mtu anayefagia makombo. "Dogo, ulishavizia raundi hii. Kuvizia ni mara moja kwa raundi."

Nikamwambia, kaka, kitabu kinasema mara moja kwa zamu.

"Sasa zamu na raundi si kitu kimoja?"

Wakuu, hivi mtu aliyekulia Kigoma, aliyepanga ndoo bombani, anauliza hilo? Ndoo yangu ikiwa chini ya koki, hiyo ni zamu yangu. Foleni nzima ikishachota na kurudi kwa wa kwanza, hiyo ni raundi. Kwenye mchezo raundi moja ni kama sekunde 6, na ndani yake kila mtu na kila zimwi lina zamu yake. Kitabu kimezuia kuvizia mara mbili kwenye zamu moja. Zamu ya zimwi si zamu yangu, ni nyingine, kwa hiyo kama nina itikio na masharti yametimia, naongeza dadu zangu. Sikujitungia mimi. Wizards of the Coast, wenye mchezo, wana waraka wao rasmi wa maswali na majibu unaoitwa Sage Advice, na swali hili hili limo, jibu ni ndiyo. Nilikuwa nao kwenye simu. Refa akasema hatusomi simu mezani.

Ila mwezi uliopita simu ilisomwa mezani, tena ya refa, kumtafutia mpwa wake maelezo ya uchawi wa moto. Tuendelee.

Zimwi la kwanza likabaki hai na nguvu 2. La pili likanigeukia: rungu, 7 na 5, ongeza 4, jumla 16. Ningekuwa na itikio langu ningeumia 8 na kubaki na 6. Sikuwa nalo, nilishalitumia kwa pigo lililofagiwa. Nikamwomba basi, kama umenikatalia kuvizia, nirudishie itikio, maana nisingechoma kabisa kama ningejua. Akasema dadu ikishaanguka imeanguka.

Kibogoyo chini, sifuri.

Ukiwa sifuri, kila zamu yako unarusha dadu ya nyuso 20 kupigania roho. Kuanzia 10 kwenda juu ni alama ya kupona, chini ya hapo alama ya kufa. Tatu za upande wowote zinaamua. Nikarusha, ikazunguka pale juu ya kalenda, ikatulia: 20. Nilisimama. Mwalimu alinipa mkono. Dada wa dagaa alipiga kigelegele mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia kuna nini.

Kitabu kinasema 20 kwenye kupigania roho ni kuamka hapo hapo na nguvu 1. Imeandikwa wazi, haina tafsiri mbili.

Refa akasema, "Alama moja ya kupona. Si wewe uliyesema 20 haina maajabu nje ya mashambulizi?"

Hapo niwarudishe nyuma kidogo. Mbalamwezi iliyopita mpwa wake, mchawi mwenye mikono kama njiti za kiberiti, nguvu za mwili 8, alitaka kusukuma mlango wa jiwe. Refa mwenyewe alitangaza inahitajika 25. Dogo akapata 20, toa 1 ya udhaifu wake, 19. Refa akapiga meza: "20 ni 20! Mlango umefunguka!" Mimi nikasema taratibu tu, kwamba kitabu kinaipa 20 ushindi wa moja kwa moja kwenye mashambulizi, si kwenye kusukuma milango. Nikaongeza kwamba kama tunataka iwe kanuni ya meza yetu hakuna shida, inafurahisha, tuiandike. Hakuna aliyeandika. Kosa langu ni kwamba siku ile sikutaja kupigania roho, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakufa. Sasa nusu ya sentensi yangu ndiyo imefanywa hukumu yangu. 20 ambayo kitabu hakiitambui ilipita, na 20 ambayo kitabu kinaitambua ikakataliwa, zote kwa refa yule yule na kwa dadu ile ile.

Zimwi likampiga Kibogoyo akiwa kalala. Refa, mnajua alisema nini? "Aliyezimia akipigwa kutoka karibu ni pigo kuu, kwa hiyo alama mbili za kufa." Ni kweli kabisa. Hapo kitabu alikikumbuka neno kwa neno. Zamu yangu nikapata 7. Kwisha. Mpwa wake akaliokota lile kokwa kwenye ramani akalitupa kwenye maganda ya karanga.

Najua kuna watakaosema hata ningeamka na nguvu 1 zimwi lingenimaliza. Labda. Lakini zamu ikianza itikio linarudi, na kibaka ana mbinu ya kuchomoka bila kuchomwa mgongoni kisha akakimbia na hatua zilizobaki. Ningejaribu. Ningekufa nakimbia.

Na dawa, nimesahau. Dada alitaka kuninywesha chupa ya dawa kisha apige, akaambiwa kunywesha ni tendo zima la zamu, achague moja. Hiyo ni sheria ya kitabu cha 2014. Mpwa alikunywa yake dakika kumi kabla kama tendo dogo, akarusha na uchawi juu yake. Hiyo ni ya toleo la 2024. Tunacheza kipi? Nimeuliza tangu mwaka jana. Na vyote viwili kampuni imeweka kanuni zake za msingi bure mtandaoni, zile za zamani tangu 2014, nilizichapa steshenari kwa hela yangu nikampa. Alizitumia kufungia karanga.

Kwamba refa ndiye mwenye neno la mwisho, sipingi, kitabu kinasema hivyo. Mwalimu naye ana hoja: hatuwezi kusimamisha pambano saa nzima tunabishana zamu na raundi wakati mwezi unazama. Aamue haraka, hata akikosea, nitanyamaza. Ila aamue kabla sijarusha, na alichomwamulia mpwa wake Jumamosi ile kiwe hivyo hivyo kwangu Jumamosi hii.

Mtasema nianzishe meza yangu. Dadu ni zake, nimeshasema. Jana nimekata vikaratasi nikaandika 1 hadi 20, nikavitia kwenye kopo la kahawa. Vinafanya kazi, isipokuwa kila ukichota lazima ukirudishe na kutikisa upya, na mpwa wa refa ana vidole vya kuhisi maandishi ya kalamu ya wino mzito. Kuna mdau yeyote Tabora au Dar anayejua seti kamili ya dadu inauzwa wapi na inaweza kuja na treni? Dada wa dagaa ameshanitumia ujumbe kuuliza kama wiki ijayo nakuja. Sijamjibu.