Tupeane uzoefu: unapanga mawazo na kuandika hadithi kwa programu gani ya bure?

Mwandishi wa Mwanga (Kigoma Mjini)
Wakuu, habari za mchana. Uzi huu ni wa sisi tunaoandika riwaya, tamthilia, mashairi, hata hadithi za watoto, na hatuna hela ya kulipia programu kila mwezi. Kila mmoja aeleze anachotumia mwenyewe na kwa nini.

Naanza mimi. Kabla sijaikabidhi programu mswada wangu, naipima hivi: naandika kurasa mbili, nazima data, nahifadhi, kisha nalitafuta lile faili kwenye folda na kulifungua kwa programu nyingine kabisa. Likifunguka na maneno yangu yote yapo, tunaendelea. Lisipofunguka, naifuta. Riwaya inakula miaka, na watengenezaji wanaweza kuitelekeza programu ukiwa sura ya tano. Kwa kipimo hicho nimebaki na LibreOffice Writer kwa mswada, na Freeplane kwa kuchora mawazo yakiwa bado hayajatulia.

Bin Ujiji
Hapo kwenye faili umenena, mkuu. Mimi naandika riwaya ya kihistoria juu ya meli yetu, MV Liemba, na natumia Zim. Kila noti ni ukurasa, na kila ukurasa ni faili la maandishi matupu ndani ya folda ya kawaida.

Nina ukurasa wa 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe Graf von Götzen (ndilo jina lake la kwanza) baada ya kuipaka mitambo grisi isiharibike. Kuna wa 1924, Waingereza walipoiibua, na wa 1927, iliporudi kazini kwa jina la Liemba. Mhusika wangu ni kuli wa bandarini, nimempa mwaka wa kuzaliwa 1904. Kila ukurasa wa mwaka nauwekea kiungo cha jina lake, na nikifungua ukurasa wake naona kurasa zote zinazomtaja. Meli inazama ana miaka 12. Inarudi kubeba abiria ana 23, mtu mzima wa kuoa. Sura ya ndoa yake ilizaliwa hapo, sikuwa nayo kichwani kabisa.

Laptopu yangu ni ya zamani, RAM giga 2, na Zim inafunguka bila kusuasua. Obsidian nayo ina viungo vya namna hii, haidai hela na noti zake ni maandishi matupu, ila si programu huria, yaani msimbo wake haujawekwa wazi kwa wote, na kwa mashine yangu ni nzito. Mwenye mashine nzuri aijaribu.

Mwalimu Kasulu
Shikamooni wakubwa. Mimi LibreOffice peke yake inanitosha, na wengi wanayo bila kujua inavyoweza kupanga. Kila jina la sura lipe mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza (Heading 1), kisha bonyeza F5. Kinatokea kidirisha chenye sura zote. Ukikamata sura ya saba ukaiburuta mpaka juu ya ya tatu, inahama na maandishi yake yote.

Ina pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kiswahili humo kina historia yake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili, na kutoka OpenOffice.org ndiko ilikochipuka LibreOffice mwaka 2010. Naionea fahari sana kazi ile.

Dada wa Kibirizi
Mimi sina laptopu, nina simu ya Android na Markor, programu ya kuandikia maandishi matupu. Alfajiri nikiwa mwaloni nasubiri mitumbwi ya dagaa iingie, naandika. Haitaki akaunti wala bando. Kila shairi lina faili lake, na jina la faili linaanza na tarehe. Nikitaka kuprinti napeleka simu na waya steshenari, linafunguka kwenye kompyuta yoyote.

Kijana wa Uvinza
Kaka wa Ujiji, mimi viungo vilinifanya nipange tu, riwaya haisogei. Niliyotulia nayo ni yWriter ya Simon Haynes, mwandishi wa riwaya wa Australia ambaye pia anatengeneza programu. Inagawa kitabu kwa sura, na sura kwa matukio. Kila tukio lina nafasi za kujaza: nani anaona, anataka nini, kinamzuia nini, linaishaje. Nafasi ya "anataka nini" ikiwa tupu silali. Nikiijaza, tukio linaandikika. Iliyo kamili ni ya Windows. Wa Linux waangalie Manuskript au novelWriter, zote huria.

Bin Ujiji
Mdogo wangu, kwa hadithi ya siku hizi nakubali. Kwa historia siwezi kuachana na kurasa zangu za miaka.

Mwandishi wa Mwanga
Dada wa Kibirizi, simu ikitumbukia ziwani je?

Dada wa Kibirizi
Kila Jumapili narusha folda nzima kwa Bluetooth kwenye simu ya mama. Ni maandishi tu, inaingia mara moja.

Mwalimu Kasulu
Na sisi wa laptopu, umeme unapokatika bila taarifa: kwenye mipangilio ya LibreOffice, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, washeni nakala ya akiba, na muda wa kujihifadhi ushusheni uwe dakika mbili. Mkimaliza, flashi mbili, na zisikae mkoba mmoja.