Je, epistemolojia na mantiki ni tawi moja?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba matawi makuu ya falsafa ni metafizikia (uchunguzi wa asili ya uhalisia), epistemolojia, maadili na mantiki. Je, epistemolojia na mantiki hazifanyi kazi ileile?

Jibu la kwanza: Hapana, ndugu. Mantiki huchunguza iwapo hitimisho linafuata kutokana na madai yaliyotangulia, hata kama madai yenyewe ni ya uongo.

Jibu la pili: Epistemolojia huuliza maarifa ni nini. Wengi waliyaeleza kuwa ni imani ya kweli yenye sababu za kutosha, hadi mwanafalsafa Mmarekani Edmund Gettier alipolitikisa wazo hilo mwaka 1963. Kwa mfano, ukiona gari la jirani ukaamini yupo nyumbani, kumbe gari limerudishwa na mwanawe, naye jirani amerejea kwa miguu, je, ulijua? Mimi naona hukujua, ulibahatika.