Land Cruiser 80 yenye tairi za inchi 35: nianze na tairodi au na shokabsoba ya stelingi?

Mkulima wa Njoro

Habari za jioni, wenzangu. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1996 ninayoitumia kupeleka mbolea na mbegu kutoka Nakuru hadi shambani upande wa Mau Narok, ambako mvua ikishika gari dogo halipandi. Mwaka jana niliinua springi kwa inchi mbili, nikatoa tairi za 275/70R16 na kuweka za 315/75R16. Katika matope sina malalamiko. Shida iko kwenye lami: nikifika kilomita 65 kwa saa kisha nikagonga shimo, usukani hutikisika kwa nguvu na hautulii mpaka nipunguze mwendo kabisa. Tena, wiki mbili zilizopita nilivuka kijito chenye mawe na tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, ikapinda. Fundi aliinyoosha kwa moto, akanishauri nifunge shokabsoba nzito ya stelingi, na muuza spea naye ananisihi ninunue tairodi nene. Pesa yangu inatosha kazi moja kwa sasa. Watoto wangu husafiri ndani ya gari hili, kwa hiyo naomba jibu la mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake.

Fundi wa Lanet

Ndugu yangu, kabla ya yote, tairodi iliyonyooshwa kwa moto usiende nayo barabarani tena. Chuma kikishapashwa moto kwa kubahatisha hupoteza uimara wake, na hakuna mtu atakayeweza kukuambia kitavunjika lini. Tafuta nyingine, hata kama ni ya kawaida iliyotoka kwenye gari lililochinjwa, mradi imenyooka na nyuzi zake ni nzima.

Pili, una matatizo mawili na umeyafanya kuwa moja. Kupinda kwa tairodi kumetokana na jiwe, kwa sababu katika gari hilo tairodi imepita chini, nyuma ya ekseli. Mtikisiko wa lami hautibiwi na tairodi nene. Ulipoinua springi, ekseli ilizunguka kidogo na kingpini, pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zikapoteza mwegemeo wake wa kurudi nyuma, ule tunaouita kasta, ambao huyafanya magurudumu yarudi katikati yenyewe kama uma wa baiskeli. Kwa kawaida hupotea takriban digrii moja kwa kila inchi, na gari hilo huondoka kiwandani likiwa na digrii kama tatu tu, kwa hiyo wewe umebaki na kiasi kidogo sana. Bushi (mipira ya kwenye viungio) za kurekebisha kasta zipo na bei yake ni nafuu kuliko tairodi unayouziwa.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla ya kupima. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha utikise tena: mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu, ukibaki, ni beringi za kingpini. Baada ya hapo shusha gari, washa injini, mtu ageuze usukani kushoto na kulia kwa hatua fupi fupi wakati wewe umelala chini ukiangalia kila jointi pamoja na bushi za fimbo ya panhadi. Fimbo hiyo watu huisahau, ilhali ikilegea ekseli nzima husogea pembeni. Hakikisha pia tairi zimebalansiwa, maana tairi ya ukubwa huo iliyojaa tope kavu ndani ya rimu inatosha kuamsha mtikisiko wote huo. Shokabsoba nzito itakufichia ugonjwa kwa miezi michache huku ulegevu ukiendelea kula vyuma.

Dereva wa Ahero

Ninakubaliana na Fundi, lakini niongeze jambo kuhusu boksi la stelingi, lile la gia linalopokea mzunguko wa usukani. Kwenye gari langu mtu alikaza skrubu ya juu ya boksi ili kuondoa ulegevu wa usukani, akaikaza kupita kiasi, na usukani ukawa haurudi wenyewe baada ya kona. Kumbe boksi halikuwa na kosa. Bolti zinazolishikilia kwenye chesisi ndizo zilizolegea. Zikague hizo, na ukague chuma cha chesisi kinachozizunguka kama kina ufa. Kama rimu zako zina spesa, yaani vipande vya kusogeza gurudumu nje, ziondoe, kwani kadiri gurudumu linavyosogea nje ndivyo kila shimo linavyopata nguvu ya kuvuta stelingi. Kuhusu tairodi nene, mimi ninayo na siijutii, kwa sababu huku kwetu mawe ya Nyando hayana huruma.

Fundi wa Lanet

Sipingi tairodi nene, ninapinga kuanza nayo. Ya kawaida hupinda, na dereva anaweza kujikokota nayo polepole hadi nyumbani. Ukiweka isiyopinda, pigo lile lile la jiwe litahamia kwenye jointi, kwenye mikono ya stelingi au kwenye boksi, navyo havipindi kwa upole. Anayeimarisha tairodi aweke jointi mpya za hali ya juu wakati huo huo, kisha aikague kila baada ya safari ya mawe. Wala asikubali tairodi iliyounganishwa kwa welding, hata mchomeleaji awe hodari kiasi gani.

Mkulima wa Njoro

Asanteni sana. Leo asubuhi nimepima kama mlivyoelekeza. Gurudumu la kushoto limecheza hata breki ikiwa imekanyagwa, na bushi ya panhadi upande wa chesisi imechanika. Nimepata tairodi ya kawaida iliyonyooka, na fundi atafungua kingpini za pande zote mbili Jumamosi, abadilishe beringi na kuzipanga kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) huku akipima ukazo kwa mizani ya springi. Bushi za kasta nitazifunga mwezi ujao, na hadi hapo sitazidisha kilomita 50 kwa saa. Jambo moja tu, Fundi: akimaliza, alainimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ipimwe kabla ya kufunga bushi hizo au baada?

Fundi wa Lanet

Mara zote mbili. Jumamosi mnaweza kupima wenyewe kwa futi: wekeni alama katikati ya tairi zote mbili, mpime umbali wa mbele na wa nyuma, na wa mbele uwe mfupi kwa milimita chache. Baada ya bushi za kasta, lipeleke kwenye mashine.