Wizi wa korosho: mnamkamata mwenye kiroba, mwenye mizani mnamwacha

Wakuu, kila msimu Mtwara na Lindi wimbo ni uleule. Doria ya sungusungu, kijana kanaswa na kiroba, kapigwa, basi. Kesho yake korosho zinaibwa tena, na mnunuzi yupo hapohapo kijijini na hela taslimu.

Korosho inadondoka yenyewe. Mwizi hahitaji panga wala kupanda mti. Anakuja saa kumi alfajiri na tochi, ananyonga korosho, bibo (tunda lake) analiacha. Ukikuta chini ya mti mabibo mabichi hayana korosho, ujue umeshaokotewa. (Na ukifagia vizuri chini ya mti, umemrahisishia.) Jua likichomoza mzigo ushapimwa kwa bakuli kwa kangomba, yule mnunuzi wa magendo.

Sasa kangomba haendi mnadani kwa jina lake. Mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinakusanywa ghalani, kisha zinauzwa kwa mnada) unataka mzigo upitie chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo anaazima jina na akaunti ya mkulima. Uozo uko hapa! Mtu mwenye mikorosho 20 analeta tani 2, yaani kilo 100 kila mti, na karani anaandika risiti bila hata kukohoa. Idadi ya miti imo kwenye daftari la wakulima, lilelile la kugawia salfa, dawa ya mikorosho. Kulinganisha ni kazi ya dakika moja. Mwaka 2018, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa na kangomba wakaumbuka. Leo inashindikana nini?

Halafu korosho inataka siku 2 au 3 za jua. Mwizi hana subira hiyo. Mbichi zikichanganywa na kavu zetu zinavunda humo ghalani, sampuli ikichukuliwa mzigo wa chama kizima unashushwa daraja. Aliyeanika vizuri analipwa sawa na mwizi.

Na magunia! Viroba vya plastiki havipokelewi, magunia yakichelewa korosho kavu zinalala chumbani wiki mbili, na kijiji kizima kinajua nyumba ipi imejaa. Mlango wenyewe wa mbao na komeo. Bibi anayeishi peke yake haoni usingizi, mwisho anamwita kangomba mwenyewe achukue kwa bei ya kutupa, kuliko kuvunjiwa usiku.

Chama chenu kinalinganisha kilo na miti? Tajeni wilaya tu, majina ya watu acheni.