Skrubu za bawaba hazishiki tena, nifanyeje?

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Mlango wa chumbani umelala, unakwaruza sakafu upande wa kitasa. Bawaba ya juu skrubu zake zinazunguka tu, nazitoa hata kwa vidole. Fremu ni ya mbao, haijaoza. Bisibisi ninayo, drili sina.

Jibu: Fremu iache. Kwanza weka kabari chini ya mlango ibebe uzito, ndipo utoe skrubu. Chukua njiti za kiberiti, kata vichwa utupe, zichovye kwenye gundi ya mbao, shindilia tundu mpaka lijae kabisa. Zinazochomoza zikate kwa kisu zilingane na mbao. Acha usiku kucha, kisha rudisha skrubu kwa mkono, taratibu. Itapata nyama mpya ya kung'ata. Ukiharakisha gundi ikiwa mbichi, umefanya kazi bure.

Jibu: Au tumia skrubu ndefu zaidi, unene uleule. Ila kichwa kikae ndani ya bawaba, kikichomoza mlango haufungi.

Muulizaji: Shukrani. Njiti za meno je? Na gundi ni ile nyeupe?

Jibu: Hiyohiyo nyeupe. Njiti za meno zinafaa pia. Usitumie zile gundi za kushika papo hapo, zitakauka hujamaliza kushindilia. Halafu kaza na bawaba ya chini, watu huisahau. Ukiona bado unakwaruza msimu wa mvua tu, hiyo ni mbao kuvimba. Usikimbilie randa, subiri ikauke.